Ubao wa Kambare

Mimi ndiye ninayekaa dirisha la leseni. Usinicheke. Kituo chetu cha uvuvi kina mkuu, kina wakaguzi wawili wanaozunguka ziwani na boti, kina mlinzi wa geti, halafu kina mimi, na ukimuuliza mvuvi yeyote wa burudani anamwogopa nani pale, hatakutajia mkuu wala boti. Atanitaja mimi. Wananiita Dada Dirisha. Kwangu hapiti mtu mwenye picha iliyochakaa, wala mwenye leseni iliyokwisha juzi, wala mwenye maneno ya "nitaleta kesho". Kesho yako kaa nayo nyumbani.

Na wale watu lazima uwabane, maana ni watu wa namna yao. Hawavui ili wauze. Wengine hata samaki hawali. Ni walimu, wauguzi, madereva, makarani wa benki, wanaoisubiri Jumamosi wiki nzima ili wakakae juu ya jiwe na ufito mmoja, wanakodolea macho kiboya. Kwa kutia chumvi sijaona mfano wao. Samaki aliyeponyoka kwao haachi kukua. Jumamosi jioni alikuwa urefu wa mkono, ikifika Jumatano ameshakuwa mtoto wa darasa la tatu. Ndiyo maana pakawekwa sheria, na ndiyo maana pakawekwa ubao.

Sheria zetu naweza kukutajia huku nimelala. Leseni moja, ufito mmoja. Ndoano zisizidi mbili. Samaki wanne kwa siku, wa tano mwambie kwaheri. Miezi miwili ya kuzaliana hakuna kutia ndoano majini, hata kama umetoka mbali, hata kama ni siku yako ya kuzaliwa. Na iliyo kubwa kuliko zote: kambare asiyefika sentimita thelathini na tano anarudishwa majini akiwa hai, kwa sababu huyo bado hajazaa hata mara moja. Anayetaka kwenda na kambare nyumbani humleta kwanza kituoni kwenye ndoo ya maji, analazwa kwenye ubao, anaandikwa kwenye daftari, na mwenyewe anapewa stakabadhi.

Ubao huo aliutengeneza baba yangu.

Baba alikuwa seremala, na Jumamosi alikuwa mvuvi wa burudani kama hao wengine, isipokuwa yeye hakutia chumvi. Kituo kilipohitaji kitu imara cha kupimia, alitoa ubao wa mbao ngumu nyekundu, akaupiga randa mpaka ukateleza, akachoma tarakimu kwa waya wa moto, sentimita moja hadi mia. Kwenye mwanzo wake akaweka kipande kilichosimama wima, kizuizi, ambacho pua ya samaki hugusa ili asisogee. Mwaka mmoja baadaye akavua kambare wa sentimita themanini kamili kwenye mkono wa ziwa ule wenye magugu, akapimwa kwenye ubao wake mwenyewe mbele ya mkuu, na mpaka leo ukutani juu ya dirisha langu kuna kibao cha shaba chenye jina lake: kambare mkubwa kuliko wote kuwahi kuvuliwa ziwani hapa kwa ufito. Baba alifariki miaka mitano iliyopita. Kila asubuhi kabla sijafungua dirisha nakipangusa kile kibao kwa kitambaa, na siombi radhi kwa hilo. Ni mahali pekee mjini ambapo jina lake limeandikwa na watu wanalisoma.

Sasa mama. Mama ni fundi cherehani, ana miaka sitini na mmoja, na futi yake ya kupimia haimtoki shingoni. Hata msibani utamkuta nayo. Maisha yake yote samaki aliwajua kwenye sufuria tu. Mwaka huu, kabla msimu haujafunguliwa, nikamwona amepanga foleni kwenye dirisha langu, ana picha mbili ndogo na fomu aliyoijaza kwa herufi kubwa.

"Shikamoo mama. Kulikoni?"

"Marahaba. Nimekuja kukata leseni ya burudani. Na hapa mimi si mama yako, mimi ni mteja, kwa hiyo nihudumie kama wenzangu."

Nikamhudumia. Nikampa na kijitabu cha sheria, kile ambacho wenzake huenda kukitumia kuwashia jiko. Yeye alikisoma chote, na siku ya pili akarudi na maswali tisa. Ndoano yenye meno matatu inahesabiwa moja au tatu? Kambare mwenye mkia uliokatika unampimaje? Foleni nyuma yake ikaguna. Mimi nilijibu yote tisa, na moyoni nilikuwa nimevimba kwa raha, kwa sababu hakuna mtu katika miaka kumi na miwili aliyewahi kuniuliza hata matatu.

Jumamosi ya kwanza ya msimu, baraza la kituo hujaa. Ndoo zinagongana, kila mmoja anaongea na hakuna anayesikiliza. Alikuwepo mzee mmoja, dereva wa basi mstaafu, tunamwita Sharubu kwa sababu ya masharubu yake marefu yaliyoning'inia pande mbili kama ya kambare mwenyewe. Huyo ndiye wa pili kwenye rekodi, sentimita sabini na tisa, na kwa miaka yote hiyo kila akipita chini ya kile kibao cha baba hukitazama kwa jicho la pembeni. Saa nne hivi mama akaingia. Viatu vimejaa tope, sketi imelowa hadi magotini, futi shingoni, na mikononi ndoo ya plastiki. Ndani ya ndoo kambare alikuwa anajipindapinda. Kambare wake wa kwanza.

Mkaguzi akaulowesha ubao, akamlaza samaki, pua kwenye kizuizi, akaunyoosha mkia kwa kidole.

"Thelathini na tano na nusu! Hongera sana, mama yetu!"

Baraza zima likapiga makofi. Mimi nilisahau kama kuna dirisha kati yangu na watu, nikapiga vigelegele mpaka mkuu wa kituo akatoa kichwa ofisini kwake. Nikalivuta daftari, nikashika kalamu.

"Mrudishe ndooni, halafu mnisikilize," mama akasema. "Mimi nimempima kule kule kwenye jiwe. Ni thelathini na nne."

Watu wakacheka. Sharubu akasema, "Mama wewe, tangu lini mvuvi akampunguza samaki? Utatuharibia jina!"

"Labda futi imevutika, imezeeka," mkaguzi akasema kwa upole.

Hapo akawa amegusa pabaya. Mama aliivua futi shingoni akainyoosha kwa mikono miwili mbele ya uso wake. "Futi hii imeshona sare za shule nzima. Imeshona suti ya ndoa ya mkuu wako. Ingekuwa inavutika, mngekuwa mnatembea nusu uchi." Kisha akailaza juu ya ubao, ncha yake ikagusa kizuizi. Akainama. Akakaa vile muda, kidole chake kikitembea kurudi nyuma kwenye tarakimu za baba, tano, nne, tatu, mbili.

"Moja iko wapi?" akauliza.

Tukasogea wote, kichwa juu ya kichwa. Kweli, tarakimu ya kwanza iliyoonekana karibu na kizuizi ilikuwa mbili. Miaka yote tumeutumia ubao ule na hakuna aliyeona, kwa sababu nani anapima samaki wa sentimita moja? Sote macho yetu yalikuwa huku mwisho, kwenye mkia, kwenye thelathini na themanini. Mama akavuta futi mpaka kwenye alama ya kumi ya ubao. Futi ikasema nane na nusu.

"Ubao unaongeza sentimita moja na nusu," mama akasema. Sauti yake haikuwa tena ya yule wa suti na sare.

Nilijua alichokiona, maana nilikuwa nimekiona mimi pia. Na Sharubu naye hakuwa kipofu. Alikohoa, akayapapasa masharubu yake.

"Jamani, mimi sina nia mbaya. Lakini sabini na tisa yangu ilipimwa kwa rula ya chuma, kabla ubao huu haujaletwa hapa. Ile themanini ya marehemu ilipimwa kwenye ubao huu huu. Toa moja na nusu, inabaki ngapi?"

Damu ilinipanda kichwani. Nilitoka dirishani kwangu, kitu ambacho sifanyi saa za kazi, nikamshika mama mkono nikamvuta pembeni, karibu na pipa la maji.

"Mama, achana nayo. Chukua samaki wako uende. Nitaandika barua ubao ubadilishwe wiki ijayo, kimyakimya, tuuweke stoo. Hakuna atakayeuliza."

"Na samaki?"

"Samaki gani tena?"

"Waliopimwa hapa wakaonekana wakubwa, kumbe watoto. Wakaenda kukaangwa." Akanitazama toka utosini hadi miguuni, kama anavyomtazama mteja anayetaka gauni la saizi isiyo yake. "Kijitabu umenipa wewe. Maswali yangu umeyajibu wewe. Sasa nikisome nusu?"

"Ni jina la baba, mama."

Midomo yake ikatetemeka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tumzike baba kuona midomo ile ikitetemeka mbele ya watu. "Najua ni jina la nani. Nimelala nalo miaka thelathini na minne. Kama amekosea, amekosea. Yeye mwenyewe asingekaa chini ya kibao cha uongo hata dakika moja. Mwambie mkuu akishushe."

Mkuu wa kituo ni mtu mpole asiyependa kelele, anapenda muhuri wake na chai yake. Alimsikiliza Sharubu, akamsikiliza mkaguzi, akapima mwenyewe mara mbili, akavua miwani akaifuta, akaivaa tena. Halafu akavuta kiti changu, akapanda, akaomba bisibisi.

Nilikuwa na hasira na Sharubu, na futi, na mama. Nikaunyakua ule ubao mezani ili nimwonyeshe kila mtu kazi ilivyo safi, niwaulize kama mtu anayepiga randa namna hii ni mtu wa kukosea sentimita. Nikausimamisha wima mbele yangu, na ile sehemu ya mwanzo, kichwa cha ubao, ikawa karibu na macho yangu. Palikuwa na matundu mawili ya misumari. Matundu ya zamani, yamejaa uchafu mweusi, kichwani mwa ubao, mahali ambapo hakuna kitu chochote kimepigiliwa.

Nikayakumbuka yote kwa pamoja. Mkono wangu ulikumbuka kwanza, kabla ya kichwa.

Ilikuwa miaka minne iliyopita, mwaka mmoja baada ya msiba. Mkaguzi aliuangusha ubao kwenye ngazi, kizuizi kikang'oka. Mkuu alikuwa safarini, foleni ilikuwa imefika getini, watu wanapiga kelele. Nikachukua nyundo stoo. Baba alikuwa amekipigilia kizuizi kwa nje, kwenye kichwa cha ubao, ili sifuri ianzie pale pale mbao inapoanzia. Lakini pale palikuwa pameanza kupasuka kidogo, msumari ulikuwa haushiki. Basi nikakiweka kwa juu, bapa, palipo rahisi. Misumari miwili, nikapiga mara sita, kikakaa imara kama jiwe. Nakumbuka nilijisifu. Nilisema kwa sauti, mbele ya foleni, "Mtoto wa seremala ni seremala," na watu wakanipigia makofi. Tarakimu moja ikalala chini ya kizuizi, na mimi nikarudi dirishani kuwakagua wenzangu picha zilizochakaa.

Skurubu ya kwanza ya kibao ilikuwa imeshatoka. Niliisikia ikianguka sakafuni.

Nitasema ukweli wangu. Kwa kufumba na kufumbua nilipiga hesabu yote. Hakuna aliyekumbuka. Mkaguzi yule alishahamishwa. Nikinyamaza, baba anashuka ukutani, na mimi nabaki Dada Dirisha, mwenye sheria mkononi, mkali asiyekosea. Nikisema, baba anabaki, na mimi ndiye niliyeharibu kipimo cha ziwa zima kwa misimu minne huku nikiwafukuza watu kwa picha ya mwaka jana. Mama alikuwa amesimama pale na ndoo yake, amejikaza, anakitazama kibao cha mume wake kikilegea.

"Mkuu, shuka kwenye kiti," nikasema. "Baba hakukosea. Nimekosea mimi."

Nikaeleza. Niliongea haraka na vibaya, nikarudia maneno, lakini nilieleza yote, hadi lile neno langu la kujisifu. Sharubu akatikisa kichwa.

"Binti, nakuelewa. Hata mimi ningemtetea baba yangu. Lakini haya ni maneno tu."

Ningemrarua. Mama akanizuia kwa mkono. "Anasema kweli. Leteni bisibisi hiyo hapa."

Akaweka ndoo chini, akakibandua kizuizi taratibu kama anavyofumua mshono, bila kuumiza kitambaa. Chini yake ikatokea tarakimu moja, nyeusi, safi, haijaguswa na samaki wala maji kwa miaka minne. Kizuizi kilikuwa na matundu manne: mawili ya misumari yangu, mawili mengine ya zamani. Mama hakumpa mkuu wala mkaguzi. Alimpa Sharubu, pamoja na misumari miwili.

"Jaribu wewe mwenyewe."

Sharubu akakiweka kizuizi kwenye kichwa cha ubao, kwa nje, akaingiza msumari kwenye tundu la zamani kwa vidole tu. Ukapita kwenye kizuizi, ukaingia kwenye ubao moja kwa moja, bila kugongwa. Wa pili nao ukaingia. Mama akanyoosha futi kutoka kwenye kizuizi: kumi ya futi juu ya kumi ya ubao, thelathini juu ya thelathini, themanini juu ya themanini. Sharubu akaipitia mara ya pili kwa ukucha wake, alama kwa alama, na hakuna aliyemharakisha.

"Na kizuizi kiling'oka baada ya yeye kufariki," akasema, si kwa kuuliza.

"Mwaka mmoja baada yake," nikasema.

Akajinyoosha, na kwa mara ya kwanza nilimwona anakitazama kile kibao kwa macho mawili. "Mimi nimeendesha basi miaka thelathini. Nikigonga, nilikuwa nashuka nasema nimegonga. Seremala ni themanini. Mkuu, rudisha skurubu yako."

Mkuu akairudisha. Kisha akashuka, akapangusa kiti changu kwa kiganja, akaniambia bila kupandisha sauti kwamba barua ya onyo itaingia kwenye faili langu Jumatatu, na kwamba nitalipitia daftari lote la miaka minne, mstari kwa mstari, nimtolee idadi ya kambare waliopitishwa bila kustahili. Nikasema sawa. Baadaye nililipitia kwa wiki tatu. Walikuwa mia na kumi na wawili. Idadi hiyo niliiandika kwa mkono wangu kwenye tangazo, pamoja na sababu, nikalibandika kwenye kioo cha dirisha langu, upande wa foleni, usawa wa macho. Hakuna aliyeniagiza hilo la mwisho.

Lakini siku ile bado kulikuwa na samaki kwenye ndoo. Mkaguzi akauliza kwa haya kama tumpime tena. Mama akamlaza mwenyewe, kwa mikono iliyoloweshwa kama kijitabu kinavyotaka. Thelathini na nne kamili.

"Mteja," nikamwambia, "samaki wako hajafika kipimo. Anarudi majini."

"Nimesikia, dada," akajibu.

Tukaenda naye mpaka kwenye gati dogo, nusu ya baraza ikitufuata. Akachuchumaa, sketi ikalowa tena, akamshika kambare ndani ya maji, tumbo kwenye kiganja, mpaka alipopata nguvu akachomoka mwenyewe. Hapo hakuna aliyepiga makofi. Watu walisimama tu wanayatazama maji, na wengine walivua kofia.

Samaki anayerudishwa naye huandikwa. Nikarudi dirishani, nikajaza stakabadhi: kambare mmoja, sentimita thelathini na nne, amerudishwa hai. Chini kuna mstari wa maelezo, ambao kwa kawaida tunauacha wazi au tunapiga kistari. Nikaandika: "Ubao ulizidisha kipimo. Aliyeuharibu ni mimi, wa dirisha la leseni. Aliyegundua ni mvuvi." Nikatia sahihi. Mama akaisoma pole pole, akaomba ipigwe muhuri, na mkuu akaupiga kwa nguvu zake zote.

Wavuvi wenzake wana picha ukutani, wamekumbatia samaki wakubwa, wametoa meno nje. Mama kwenye kibanda chake cha cherehani, juu ya mashine, ametundika ile stakabadhi, ameiwekea fremu ya mbao. Wateja wanaocheka ni wengi. Juzi nimekaa pale nasubiri gauni langu, mteja mmoja akaisoma, akamuuliza mama kwa nini anajivunia samaki mdogo ambaye hata hakumla.

Mama hakuinua macho kwenye mshono. "Samaki simjali," akasema. "Soma mstari wa chini. Ule mwandiko ni wa binti yangu."